Ile Tiki Kwenye Swali la 14

Hotuba ya dalali wa bima mbele ya viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, wakuu wa shule, wahasibu na wenye viwanda vidogo wa Kanda ya Kati, jijini Dodoma. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi, utani umeachwa ulipokuwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, viongozi wa Saccos, wakuu wa shule, wahasibu, na ninyi wa viwanda vya alizeti mlioondoka Singida alfajiri: itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

(Ukumbi: Mbukwenyi!)

Ahsanteni. Nimepewa saa ya baada ya chakula, na chakula chenyewe nimeona kilikuwa na mlenda. Kumzuia mtu asisinzie baada ya ugali wa mtama na mlenda ni kazi. Kumzuia asisinzie huku unamweleza habari za bima, hiyo ni adhabu, sijui mwenyekiti nilimkosea nini. Kwa hiyo sianzi na bima. Naanza na ujumbe ambao hakuna mtu humu ndani ambaye hajaupokea: "Ile hela itume kwenye namba hii."

Mnacheka kwa sababu mmeuzoea. Hudaiwi, huna hela unayomtumia mtu, ujumbe umeingia, unafuta, unaendelea na mambo yako. Lakini yuko mmoja ambaye siku hiyohiyo kweli alikuwa anamtumia mwanawe hela ya hosteli. Ujumbe ukamkuta yuko kwenye foleni kwa wakala. Akatuma. Yule tapeli hakumjua wala hakumpeleleza. Alitupa wavu kwa watu maelfu, akamngoja samaki mmoja.

Sasa niwaonyeshe ujumbe huohuo ukiwa umevaa suti. Kuna mfanyabiashara wa nafaka, ananunua mahindi Kibaigwa, jina lake linabaki kwangu. Aliagiza nje ya nchi mashine ya kuchambua nafaka. Wameandikiana barua pepe na muuzaji miezi miwili: bei, picha, meli, tarehe. Siku ya kulipa ikaingia barua. Nembo ileile, salamu zilezile, hata yule dada wa mauzo na mazoea yake ya kuweka nukta tatu kila anapomaliza sentensi. Kilichobadilika ni akaunti ya benki, eti ile ya zamani iko kwenye ukaguzi wa hesabu. Na kitu kingine kilibadilika, ila huyo mzee angehitaji lenzi kukiona: kwenye anwani, pale palipokuwa na herufi m, sasa kulikuwa na r na n zimebanana. Chukueni simu zenu muandike r na n ndogondogo mfululizo, muone zinavyofanana na m. Miwani ya kusomea haisaidii hapo.

Akalipa, dola elfu thelathini na kitu. Siku kumi baadaye muuzaji wa kweli akauliza: vipi malipo, mzee?

Alikuja ofisini kwangu na faili lake la bima, limepangwa kuliko langu. Bima ya moto ipo. Ya wizi wa kuvunja ipo. Ya mzigo barabarani ipo. Akaniuliza swali la haki kabisa: "Mwanangu, mimi nimeibiwa. Bima ya wizi si hii hapa?" Nikamwambia, mzee wangu, wizi uliokatiwa bima hapa ni wa mtu kuvunja mlango. Huu mlango uliufungua mwenyewe, ukaweka saini, na benki ikatii amri yako.

Hapo ndipo bima ya mtandao inapoingia. Na kwa uaminifu nimalizie kabisa: hata kwenye bima ya mtandao, wizi wa namna hii mara nyingi huwekewa kikomo chake kidogo cha malipo ndani ya kikomo kikubwa cha hati, na sharti kwamba kabla ya kulipa akaunti mpya uwe umempigia muuzaji kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo mpya. Usipopiga, umejitoa mwenyewe.

Wengi hapa mna magari, na asiye na gari ameshapanda la mwenzake, kwa hiyo bima ndogo na bima kubwa mnazijua. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Bima kubwa inakuangalia na wewe. Bima ya mtandao iliyokatwa vizuri ina pande zote mbili ndani ya hati moja. Kwa upande wako inalipa wataalamu wa kuchunguza mdukuzi kaingilia wapi, inalipa kazi ya kurudisha data, inafidia kipato ulichokosa mfumo ulipolala, inalipa mwanasheria, inalipa hata gharama ya kuwaarifu wanachama. Kwa upande wa wengine inasimama pale mwanachama anapokudai fidia kwa sababu taarifa za mkopo wake zimezagaa kwenye makundi ya WhatsApp na mama mkwe amezisoma.

Tofauti na gari iko moja. Bima ya gari ni lazima, na trafiki anaweza kuingiza namba yako kwenye simu akajua kama iko hai. Hakuna trafiki atakayekusimamisha Ihumwa akuulize bima ya seva, ile kompyuta kuu inayotunza data zenu. Anayeikata anaikata kwa hiari yake, na mambo ya hiari sisi tunajijua, tunayapangia mwezi ujao.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, mnivumilie, kwa sababu hadithi hii ina mambo yote ndani yake. Juni 27, 2017, wadukuzi walipandikiza programu haribifu kwenye masasisho ya M.E.Doc, programu ya uhasibu inayotumika Ukraine. Wahasibu, mmenisikia? Ilikuwa programu ya mahesabu na kodi, ndugu yake hizi mnazofungua kila asubuhi. Watu waliiamini, wakasasisha kama walivyoelekezwa. Kirusi hicho kikaitwa NotPetya, kikavuka mipaka ndani ya saa chache. Kilijifanya kinadai fidia ili kifungue mafaili, lakini hata ukilipa hakukuwa na ufunguo. Kilikuja kuharibu tu.

Maersk, ile kampuni ya meli ambayo makontena yake yanapita hapa kwenye malori yakielekea Rwanda na Burundi, iliangushwa karibu mtandao wake wote wa kompyuta. Walikuja kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Hasara waliitaja wenyewe: dola kati ya milioni 250 na 300. Lakini kilichonifurahisha mimi fundi wa zamani si hizo dola. Kampuni kubwa kama ile ina mashine maalumu zinazotunza orodha ya watumiaji wote na ruhusa zao. Bila hizo, hata ukinunua kompyuta mpya hakuna anayeweza kuingia. Maersk walikuwa nazo kama 150 duniani, zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ilikuwa bakapu, yaani nakala ya akiba, ya mwenzake. Zikafutika zote kwa pamoja, kwa sababu zote zilikuwa zimeunganishwa. Ikabaki moja. Ilikuwa Ghana. Na mnajua ilinusurika vipi?

Umeme ulikuwa umekatika.

(Kicheko kirefu.)

Sitanii. Umeme ulikatika kwenye ofisi ya Ghana, mashine ikatoka mtandaoni, NotPetya ikapita isiione. Basi wenzao wa Uingereza wakataka data ile haraka. Intaneti ya Ghana ikawa nyembamba, ingechukua siku nyingi. Wakasema mtu apande ndege nayo. Wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza! Ikabidi mmoja wao asafiri mpaka Nigeria, akaikabidhi uwanja wa ndege kwa mwenzake mwenye viza, naye akaruka nayo kwenda London. Kampuni yenye mameli mazito kama vijiji imeokolewa na umeme kukatika na begi la mkononi. Msitoke hapa mkaomba mgao wa umeme urudi. Shikeni tu hilo neno: haikuunganishwa. Nitalirudia.

Siku hiyohiyo kampuni ya dawa ya Merck, ya Marekani, nayo ilipigwa. Ikadai kwa kampuni zake za bima dola bilioni 1.4. Bima yenyewe ilikuwa ya mali, si ya mtandao. Kampuni za bima zikajibu: hili ni tendo la vita, Urusi na Ukraine, na vita haimo kwenye mkataba. Kesi ikaunguruma New Jersey. Mei 2023 mahakama ya rufaa ikawaambia kipengele chao cha vita kiliandikwa kwa ajili ya majeshi na silaha, hakiwezi kumnasa muuza dawa aliyeambukizwa na programu ya uhasibu. Januari 2024 wakamalizana nje ya mahakama.

Mmefurahi, naona. Msifurahi sana, maana watu wa bima nao wanasoma hukumu. Soko la bima la Lloyd's la London liliagiza kwamba kuanzia Machi 31, 2023, hati za bima ya mtandao zinazoanza au kuhuishwa ziwe na kipengele kinachotoa nje mashambulizi yanayofanywa na mataifa. Kwa hiyo mwenzangu ukiletewa hati, ifungue kwa nyuma. Tafuta kwanza ukurasa wa mambo yasiyohusika. Ule wa mbele wenye picha ya kufuli linalong'aa utausoma ukiwa na nafasi.

Mfano wa nyumbani huu hapa. Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, tukabaki tunatafuta intaneti kama mfugaji anavyotafuta maji Oktoba. Biashara zilisimama. Je, bima ya mtandao ingelipa? Kwa hati nyingi, hapana. Hakukuwa na mdukuzi, na miundombinu ya umma kama umeme na mawasiliano hutolewa nje waziwazi. Miezi miwili baadaye, Julai 19, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, likazima kompyuta milioni 8.5 za Windows, viwanja vya ndege vikafurika watu. Napo hapakuwa na mdukuzi, ni kosa la fundi. Mwenye hati inayotaja mfumo kushindwa kufanya kazi alikuwa na pa kuanzia. Mwenye hati inayotaja shambulio peke yake hakuwa na dai. Tena kuna saa za kungoja: hati nyingi zinasema saa 8 au 12 za mwanzo za kusimama kwa kazi unazibeba mwenyewe. Mfumo ukilala asubuhi ukaamka jioni, hasara ni yako.

Haya, kwa nini nawasumbua ninyi wa Dodoma na Singida badala ya kuwaachia wenye meli? Kwa sababu ya kabati. Kila Saccos humu ina kabati, siku hizi kabati liko ndani ya kompyuta: picha ya mwanachama, namba ya NIDA, mshahara, mdhamini, deni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakutambua wewe kuwa mkusanyaji wa taarifa. Unatakiwa ujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na taarifa zikivuja unatakiwa uiambie Tume. Kampuni ikipatikana imefichua taarifa za watu kinyume cha sheria, faini inaweza kufika shilingi bilioni 5. Na msije mkadhani bima italipa faini ya jinai. Kwa kawaida hailipi. Inachoweza kulipa ni wakili wa kusimama nawe.

Majirani zetu walishaonja. Julai 2023 eCitizen, mfumo wa Kenya wa huduma za serikali mtandaoni, ulielemewa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, watu wakakwama kwenye viza na leseni, hata tiketi za treni. Sisi tunaoshuka Dar na SGR, tiketi iko kwenye simu, tujiangalie.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Mwenyekiti alipoomba nizungumze alidhani nitakuja na mafanikio.

Miaka 6 iliyopita nilikuwa mgeni kwenye udalali wa bima. Nilikuwa nimetoka kwenye ufundi wa kompyuta, miaka 11, kwa hiyo nilijiona mjuaji. Mteja wangu wa kwanza wa bima ya mtandao alikuwa taasisi moja ya Kanda hii. Siitaji, na msinifuate kwenye chai kuniuliza. Kampuni ya bima ilileta fomu ya maombi, kurasa 9. Meneja alikuwa na safari, begi liko mlangoni, dereva anapiga honi. Akaniambia, "Kijana wangu, wewe si ndiye mtaalamu? Jaza, nitasaini nikirudi." Nikajaza.

Swali la 14 liliuliza hivi: Je, kila anayeingia kwenye mfumo akiwa nje ya ofisi anatumia uthibitisho wa hatua mbili? Maana yake anaingiza nywila, halafu anaingiza na tarakimu zinazokuja kwenye simu yake. Nikampigia kijana wao wa kompyuta. Akanijibu, "Tumeshaanza kaka, kwa bosi tayari." Kwa bosi tayari. Nikasikia nilichotaka kusikia. Nikaweka tiki kwenye Ndiyo.

Mwezi wa nane mwaka uliofuata, Jumapili, saa 5 usiku, simu ikalia. Meneja. "Mafaili yote yamebadilika majina. Kila moja limeota mkia siuelewi. Na kila folda ina barua ya Kiingereza." Nikavaa viatu bila soksi. Kumbuka wakati ule nilikuwa na raha fulani moyoni, naomba Mungu anisamehe, nikijisemea: leo ndiyo wataona faida yangu.

Mtaalamu wa kampuni ya bima alifika Jumanne, binti mtulivu, hakunywa hata chai. Siku mbili akasoma kumbukumbu za mfumo. Akakuta mlango: akaunti ya mhasibu wa muda aliyeondoka zamani, hakuna aliyekumbuka kuifunga. Ilikuwa inaruhusu kuingia kutoka popote, kwa nywila tu. Hatua ya pili haikuwepo. Akaandika ripoti, wiki tatu baadaye ikaja barua ya ukurasa mmoja. Ilisema maelezo ya kwenye fomu hayakuwa ya kweli, kwamba wangejua ukweli wasingechukua hatari ile kwa masharti yale, na kwa hiyo mkataba umefutwa kana kwamba haukuwepo. Ada wakairudisha, mpaka senti ya mwisho.

Nilikwenda kugombana. Niliingia na hasira za kutosha watu wawili. Wakanitolea fomu. Wino wa bluu, tiki imeanzia chini ikapaa mpaka nje ya kisanduku, ile tiki ya mtu mwenye haraka. Mwandiko wangu. Nikakaa chini.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata wakubwa yamewakuta. Marekani, Julai 2022, kampuni ya bima ya Travelers ilimpeleka mahakamani mteja wake, International Control Services. Kwenye maombi mteja alisema anatumia uthibitisho wa hatua mbili, kumbe alikuwa ameuweka kwenye ukuta wa kinga wa mtandao tu, seva ziko wazi. Akadukuliwa, akadai. Agosti ileile pande zote mbili zikakubaliana mkataba ufutwe.

Kwenye bima kuna kanuni ya zamani kuliko kompyuta: anayeomba bima anayajua ya kwake, anayeuza hayajui, basi anayejua aseme yote. Kwenye gari kanuni hii haisumbui, gari unalizunguka ukalipiga teke tairi. Mtandao hauzungukwi. Fomu ndiyo macho ya kampuni ya bima. Ndiyo maana nawaambia, na haya ndiyo niliyoyajia: watu wanadhani dai la bima linaamuliwa siku ya tukio. Linaamuliwa siku unajaza fomu, na wakati huo wewe unawaza chakula cha mchana.

Na kuandika Hapana hakukufukuzi. Nimeshawaandikia wateja Hapana nyingi. Wanaongezewa ada, au wanapewa siku 60 warekebishe, au kikomo kinapunguzwa. Hapana yenye maelezo ni mkataba hai. Ndiyo ya uongo ni karatasi uliyoilipia.

Tangu siku ile sijazi fomu kwa simu. Nakwenda mwenyewe, nakaa kwenye kiti cha mtumiaji. Mwaka juzi nimekwenda shule moja, nikampata mama mhasibu, mtu mzima, ofisi safi kama zahanati. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, karibu kiti. Nikafika kwenye swali la bakapu, ile nakala rudufu ya data. Akasema, "Ipo, tena nzuri." Akafunua kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha maua tunachoweka juu ya redio, na chini yake kulikuwa na diski ndogo nyeusi imechomekwa kwenye kompyuta. Kitambaa ni kwa ajili ya vumbi, mnajua vumbi letu la mwezi wa nane.

Nikamuuliza, mama, hii mnaichomoa lini?

Akanitazama kama nimemuuliza mtoto anaachwa barabarani lini. "Tuichomoe ya nini? Ikichomolewa si itapotea? Iko hapo tangu Januari."

Mama yule alikuwa ameilinda data ya shule dhidi ya vumbi, dhidi ya mwizi, dhidi ya wanafunzi. Lakini programu inayofunga mafaili ikishaingia kwenye kompyuta, inafunga na kila kilichochomekwa. Kitambaa haikioni. Nikampa ile hadithi ya Ghana. Alicheka mpaka akavua miwani. Tukanunua diski ya pili siku hiyohiyo, na utaratibu akautunga yeye, si mimi: moja inachomekwa Ijumaa saa 8 mchana, ikimaliza kunakili inachomolewa, inaingia kwenye pochi yake inakwenda nyumbani, na ile nyingine inarudi wiki inayofuata. Kila mwisho wa mwezi wanachagua faili moja la zamani wanajaribu kulirudisha, waone kama linafunguka. Kwenye fomu tuliandika hivyohivyo, pamoja na pochi. Kampuni ya bima walinipigia kuuliza pochi ni kitu gani kitaalamu.

Nipite haraka kwenye mambo ya usiku wa tukio. Kijana wa kompyuta atataka kupiga Windows upya, ndiyo dawa anayoijua. Mzuieni. Anafuta alama za miguu ya mwizi, na bila alama hizo mchunguzi hana la kuandika. Chomoeni waya wa mtandao, mashine muiache ilivyo. Pigeni namba ya dharura iliyoko kwenye hati, na namba hiyo iwe imeandikwa kwenye karatasi, maana hati yenyewe mmeihifadhi kwenye kompyuta iliyotekwa. Msimlipe mtekaji kwa siri. Malipo bila kibali cha kampuni ya bima hayarudishwi. Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta ya Marekani, ililipa bitcoin 75 Mei 2021, na mafuta bado yalichelewa siku kadhaa. Tena toeni taarifa mapema, kwa sababu hati hizi nyingi zinaangalia tarehe dai lilipotolewa, na zina tarehe ya nyuma ambayo tukio la kabla ya hapo halihesabiwi. Mdukuzi anaweza kukaa ndani kwako miezi kimyakimya. Ukibadilisha kampuni ya bima kila mwaka ukifuata bei, angalia tarehe hiyo isiwe inasogea na wewe.

Mtaniuliza bei. Siwezi kuwatajia kabla sijaona fomu, na anayewatajia kabla ya kuona fomu muogopeni. Ila ada lipeni yote kabla, maana kwetu hakuna malipo, hakuna bima. Na kateni kwa kampuni iliyosajiliwa hapa. Sheria ya Bima ya 2009 hairuhusu kukimbilia nje bila kibali cha Kamishna wa Bima. Mkikosana na kampuni, kabla ya mahakama iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na kuna ukweli unaoninyima kamisheni, lakini nimeshafika umri wa kuusema. Saccos yenye kompyuta mbili na wanachama 90, bima hii isiwe manunuzi yenu ya kwanza. Nunueni diski mbili. Fungeni akaunti za walioondoka. Wekeni hatua ya pili kwa kila mtu, si kwa bosi tayari. Mkishafanya hayo njooni, na mtakuta ada imepungua yenyewe.

Fomu ziko kwenye meza pale mlangoni, kurasa 9, kwa penseli, nimekataza kalamu. Msianze na jina la taasisi. Anzeni na swali la 14. Namwona mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja umeme wa Ghana. Karibu mzee wangu, mpeni kipaza sauti.